Siku Rusimbi Alipomsemea Lugendo

Msemee mwenzio kabla hujamjibu.

Hayo ndiyo maneno niliyowaambia jana, wanangu, mlipokuwa mnabishana habari za uchaguzi mpaka chai ikapoa, na mmoja wenu akaniuliza nimeyatoa wapi. Sikumjibu, kwa sababu bado mlikuwa na hasira, na kisa hiki hakisikilizwi kwa hasira. Leo nitawaeleza. Kwanza mjue kwamba kumsemea mtu hapa si kumshtaki kwa mwalimu, kama watoto wanavyosemeana shuleni. Ni kusema kwa niaba yake, kuyatoa mawazo yake kwa kinywa chako, mpaka mwenyewe akisikia aseme: naam, ndivyo nilivyokusudia. Methali hii ilizaliwa Ruganzo, kijiji alichozaliwa mama yangu, na mimi kila nikiisimulia husimulia kwa shukrani. Mtaona kwa nini.

Ruganzo ilikuwa nchi ya chumvi. Palikuwa na chemchemi za maji ya chumvi, na watu waliyachota maji hayo, wakayamimina katika vyungu vikubwa, wakayachemsha siku nzima mpaka maji yakauke na chumvi ibaki chini, nyeupe, ya kukwanguliwa. Watu walitoka mbali kuja kuinunua, wakaibeba mabegani, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na malori. Kazi hiyo ilikula kuni nyingi mno. Chungu kimoja cha chumvi kilimaliza mzigo wa kuni ambao wanawake wawili wangeubeba kwa shida.

Kijiji kilikuwa na watu wa namna mbili. Walikuwapo wenyeji, ambao babu zao ndio waliozigundua chemchemi. Na walikuwapo waja, yaani waliokuja. Hao walifika mwaka wa njaa kubwa, kaya kama themanini, wakapokelewa, wakapewa mahali pa kujenga upande wa bondeni. Wakati wa kisa hiki waja walikuwa wamekaa Ruganzo zaidi ya miaka thelathini. Walichemsha chumvi, walioa na kuolewa wao kwa wao, walizaa. Lakini katika baraza la kijiji, ambako mambo yote yalikatwa, hawakuwa na kiti hata kimoja. Waliruhusiwa kuwa na msemaji tu, wa kueleza shida zao, na akishamaliza kusema alitoka nje wenyeji wakaamua.

Msemaji wa waja aliitwa Lugendo, mzee mwembamba, mpole, aliyezoea kusema polepole kana kwamba anahesabu mawe ya kuvukia mto. Msemaji wa wenyeji aliitwa Rusimbi. Huyu alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, na kwa kusema hakuwa na mfano. Baba yake alikuwa msemaji kabla yake. Watu waliacha vyungu vyao motoni waje kumsikiliza. Na katika maneno yake yote kulikuwa na sentensi moja iliyopendwa kuliko zote, aliyoitunga mwenyewe mwaka wa kwanza wa usemaji wake na kuirudia kwa miaka tisa: "Asiye na kaburi hapa hana uchungu hapa." Alimaanisha kwamba waja hawakuwazika watu wao Ruganzo. Kila mja aliyekufa alibebwa, akavushwa mto, akaenda kuzikwa huko ng'ambo. Basi Rusimbi aliuliza barazani, mtu asiyetaka kuwaacha wafu wake katika nchi hii, tutamwaminije na mambo ya nchi hii? Wenyeji waliguna kwa kukubali. Hata watoto waliijua sentensi hiyo na kuiimba wakicheza.

Msidhani Rusimbi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa baba mwema na jirani mwema, na alikuwa anasema jambo aliloliona kwa macho yake. Mazishi yalivuka mto kweli. Yeye mwenyewe aliyaona tangu utotoni.

Sasa ukafika mwaka ambao msitu ulikuwa umesogea mbali sana. Wakata kuni walikwenda alfajiri wakarudi adhuhuri. Wazee wakaona kwamba lazima msitu ugawanywe, kila ukoo upewe sehemu yake ya kukata na kuilinda. Baba mdogo wake Rusimbi, mtu mkali aliyeitwa Kasigwa, akaleta shauri kwamba sehemu zigawiwe wenyeji peke yao. Kila mtu alielewa maana yake. Asiye na kuni hachemshi chumvi, na asiyechemsha chumvi Ruganzo hana la kufanya ila kufunga mizigo. Kaya themanini zingeondoka, na wengi wao hawakujua nchi nyingine.

Baraza lilipangwa likae baada ya siku kumi. Na katika siku hizo Lugendo akapatwa na uvimbe wa koo. Hakufa, wala hakuwa na homa, lakini sauti ilimtoka. Alibaki na mnong'ono mdogo ambao binti yake peke yake, Nyamizi, aliweza kuusikia kwa kuinamisha sikio karibu na mdomo wake. Mganga alimkataza kujilazimisha, akasema akijilazimisha hata huo mnong'ono utapotea.

Waja wakataka kumweka msemaji mwingine. Kasigwa akasimama akakumbusha sheria ya baraza: msemaji ni yule aliyeapishwa mwanzoni mwa masika, wala haapishwi mwingine mpaka masika yajayo. Sheria hiyo ilikuwepo kweli, ya tangu zamani. Kasigwa alitegemea kwamba kwa hiyo shauri litapita bila mpinzani.

Lakini mkuu wa baraza, Mzee Nkanuye, aliijua sheria kuliko Kasigwa. Akasema kwamba sheria nyingine, kubwa kuliko hiyo, ni kuwa baraza la Ruganzo halikati shauri kabla halijasikia pande mbili. Wasemaji walioapishwa ni wawili. Mmoja hana sauti. Aliyebaki ni Rusimbi. Basi Rusimbi atasema mara mbili: kwanza kwa upande wa waja, kisha kwa upande wa wenyeji.

Wenyeji wakacheka. Waja wakanung'unika kwamba wamepewa fisi awalindie mbuzi. Nkanuye akangoja wamalize, halafu akaongeza sharti. Lugendo atakaa mbele ya watu wote. Kila hoja Rusimbi atakayoitoa kwa niaba yake, Lugendo akikubali kwamba ndiyo yake, atainamisha kichwa. Asipokubali atainua mkono, na hoja hiyo itarudiwa mpaka aikubali. Na msemaji hataanza kujibu kabla hoja zote za mwenzake hazijakubaliwa na mwenyewe. Alimpa Rusimbi siku tano za kujiandaa.

Rusimbi alikwenda nyumbani akiwa amefurahi. Alimwambia mkewe kwamba kazi hiyo ni ya nusu siku, kwa kuwa hoja za Lugendo amezisikia miaka tisa na anazijua kama jina lake.

Kesho yake akateremka bondeni. Lugendo alimpokea kwa heshima, akamkalisha kwenye kigoda, na Nyamizi akaleta uji. Nyamizi alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye watoto wanne, na uso wake haukuonyesha furaha wala chuki. Rusimbi akasema watumie muda vizuri, yeye atazitaja hoja na mzee aziitikie tu. Akaanza: waja wanataka viti katika baraza ili waitawale Ruganzo.

Lugendo akainua mkono.

Rusimbi akarekebisha. Waja wanataka viti ili wagawane msitu nusu kwa nusu na wenyeji. Lugendo akainua mkono. Waja wanasema wenyeji ni wachoyo. Mkono. Waja wanadai kwamba kukaa miaka thelathini ni sawa na kuzaliwa mahali. Mkono tena. Uji ulipoa. Mpaka jua linaelekea kichwani, Rusimbi, ambaye hakuwahi kukosa neno, alikuwa ametaja hoja kumi na moja, na Lugendo hakuwa ameikubali hata moja.

Hapo Rusimbi akaona aibu kidogo. Ndipo kwa mara ya kwanza akauliza badala ya kutaja. Akamwomba Nyamizi amwambie mzee anataka nini hasa. Lugendo akanong'ona, Nyamizi akasikiliza, akasema kwamba baba hataki kutawala wala nusu ya msitu. Anachotaka ni kwamba watu wakatao kuni wawepo panapoamuliwa habari za kuni. Waja ndio waendao mbali zaidi msituni, kwa kuwa sehemu za karibu waliachiwa wenyeji. Wao ndio walioona kwanza kwamba vijito vya juu vinakauka pale miti inapokatwa mpaka ukingoni. Walikuja kusema miaka minne iliyopita, wakapewa muda mfupi wa kueleza, wakatolewa nje, na hakuna aliyewaambia iliamuliwa nini.

Rusimbi alilikumbuka baraza hilo. Alikumbuka kwamba siku hiyo yeye alijibu habari ya vijito kwa ile sentensi ya makaburi, watu wakaguna, na mambo yakaishia hapo.

Akarudi siku ya pili na ya tatu. Alijifunza hoja moja moja, akizirudia kwa maneno yake mpaka mzee ainamishe kichwa. Nyamizi alisimulia baadaye kwamba kila kichwa kilipoinama, Rusimbi alifurahi kama mtoto aliyefunga ushanga wake wa kwanza, akajisahau kwamba hoja hiyo atalazimika kuipinga.

Siku ya nne hoja zilikuwa zimekamilika. Rusimbi, kwa wema kabisa, akamwambia Lugendo kwamba anataka kumtahadharisha. Maneno yote hayo ni mazuri, akasema, lakini bado kuna jambo moja litakaloyaangusha, nalo ni makaburi. Hilo hamna jibu lake.

Lugendo akamgeukia binti yake. Nyamizi ndiye aliyesimama, akajifunga kanga yake kiunoni, akasema, "Bwana Rusimbi, twende."

Wakavuka mto penye kivuko, maji yakiwafika magotini, wakapanda kilima chenye mawe. Huko juu Rusimbi aliyaona makaburi ya waja, ambayo hakuwahi kuyakaribia maisha yake yote. Yalikuwa mengi. Udongo ulikuwa haba, kwa hiyo kila kaburi lilifunikwa kwa mawe yaliyopangwa vizuri, na juu ya kila moja palikuwa na chungu cha kuchemshia chumvi kilichofudikizwa. Vyungu vya Ruganzo, vyenye ukoko mweupe wa chumvi ya Ruganzo. Makaburi yote yalielekezwa upande mmoja, upande wa kijijini, kiasi kwamba mtu aliyelala pale, kama angeinuka, angeuona moshi wa majiko ya chumvi.

Rusimbi akauliza, "Kwa nini mnawabeba mpaka huku? Mahali penyewe ni mawe matupu."

Nyamizi akageuka. "Wewe ndiye unayeuliza?"

"Nauliza kwa kuwa sijui."

Nyamizi alimtazama sana usoni, kama mtu anayetafuta hila. Kisha akamwonyesha kaburi moja. "Huyu ni mama yangu. Alikufa mwaka wa pili tangu tufike. Baba alikwenda barazani kuomba mahali pa kumlaza, palepale bondeni, nyuma ya nyumba yetu. Akaambiwa mja hazikwi penye chemchemi. Akaambiwa akiwazika watu wake hapa, kesho watoto wake watadai nchi kwa makaburi. Nilikuwa na miaka minne. Walimvusha mto ukiwa umejaa, na mwili ulikaribia kuchukuliwa na maji. Tangu hapo hatukuomba tena."

Rusimbi akauliza, "Nani alisema maneno hayo?"

"Msemaji wa wenyeji," Nyamizi akajibu. "Baba yako."

Hakumwamini. Aliondoka pale bila kuaga vizuri, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Nkanuye, akamkuta anatengeneza mpini wa jembe. Akamwuliza kama ni kweli. Nkanuye alisema ni kweli, alikuwapo, yeye mwenyewe alinyamaza siku ile kwa sababu alikuwa kijana barazani, na ukimya huo umemsumbua tangu hapo. Rusimbi akamwuliza kwa nini basi kwa miaka tisa alimwacha aseme ile sentensi yake. Mzee akaweka mpini chini, akasema alidhani Rusimbi anajua. Kila mtu alidhani anajua.

Mnaielewa hali yake? Mtu huyu hakusema uongo hata siku moja. Alisema waja hawaziki hapa, na ni kweli hawakuzika. Lakini hakuuliza hata mara moja kwa nini. Jibu alikuwa nalo tayari, jibu lililompendeza, lililosifiwa na watu, lililompa jina. Mkewe alisimulia kwamba siku ile hakula. Aliketi uani, akawa anaisema sentensi ile kwa sauti ya chini, mara kwa mara, kama mtu anayeonja chakula alichokizoea na kugundua kina ladha nyingine. Mkewe alimshauri aseme hoja za waja kama alivyoagizwa, kisha ajibu kama kawaida, asiguse habari ya makaburi. Atashinda na hatakuwa amesema uongo. Rusimbi akamjibu kwamba hilo amelifikiria tangu alasiri, na ndilo linalomwogopesha, kwamba lingewezekana kwa urahisi namna hiyo.

Siku ya baraza Ruganzo nzima ilikuja. Lugendo aliketi mbele, Nyamizi pembeni yake. Rusimbi akaanza kwa upande wa waja, na wazee waliokuwapo walisema hakuwahi kusema vizuri kama siku ile. Alieleza habari za vijito, na kichwa cha Lugendo kikainama. Alieleza habari za kutolewa nje, kichwa kikainama. Hoja saba, na mkono haukuinuka hata mara moja. Waja wengine walilia, si kwa huzuni, bali kwa kusikia mambo waliyoyasema miaka mingi yakitoka kwa sauti ambayo watu walizoea kuisikiliza.

Alipomaliza, Nkanuye akamwambia sasa aseme kwa upande wa wenyeji. Watu wakajiweka sawa. Walikuwa wanaingoja sentensi yao.

Rusimbi akasema, "Ndugu zangu, kwa miaka tisa nimewaambia kwamba asiye na kaburi hapa hana uchungu hapa. Siku hizi tano nimejua kwamba waja waliomba makaburi, na sisi ndio tuliowakatalia. Aliyewakatalia kwa niaba yetu ni baba yangu mzazi. Tuliwafukuzia wafu wao ng'ambo, halafu nikawalaumu kwa kuwapeleka ng'ambo. Sentensi ile naiondoa. Atakayeisema tena asiseme aliipata kwangu."

Kasigwa akasimama. "Mwanangu, wamekupa nini?"

"Baba mdogo, hawakunipa kitu. Niliagizwa nimsemee mtu, nikalazimika kumsikia."

Kasigwa akasema kwamba anamtukana baba yake marehemu mbele ya watu. Rusimbi akajibu kwamba baba yake alimfundisha kusema, na anamshukuru kwa hilo, lakini hakumrithisha masikio yake, na kila mtu ana ya kwake. Halafu akaendelea na kazi yake, kwa sababu bado alikuwa msemaji wa wenyeji na hakuwa amebadili kila alichokiamini. Alisema kwamba wenyeji wana hofu moja ya haki. Wapo watu wanaokuja msimu wa kiangazi, wakakata, wakachemsha, wakaondoka, na hao wakiwa na sauti juu ya msitu wataumaliza. Aliomba kiti kipewe mja aliyekaa misimu kumi, si aliyefika jana. Na hapo, ingawa hakuulizwa, Lugendo akainamisha kichwa.

Wazee walibishana mpaka jioni. Mwisho walikubaliana kwamba msitu ugawanywe kwa koo zote, za wenyeji na za waja, waliokaa misimu kumi. Waja wakapewa viti vitatu. Kingo za vijito vya juu zikakatazwa shoka. Na yeyote anayeishi Ruganzo azikwe Ruganzo.

Haikuwa bila gharama. Wiki hiyohiyo wenyeji wengi, wakiongozwa na Kasigwa, walimvua Rusimbi usemaji. Ngozi ya chui aliyokuwa akiikalia barazani, iliyokuwa ya baba yake, ikachukuliwa. Watu waliokuwa wakiacha vyungu vyao waje kumsikiliza wakawa wanampita njiani bila salamu. Akarudi kuchemsha chumvi kama mtu yeyote.

Siku chache baadaye aliteremka bondeni. Alimkuta Lugendo na Nyamizi wanapanga mawe ya jiko. Akawaambia amekuja kushukuru.

Lugendo akanong'ona, Nyamizi akasema, "Baba anauliza, umepoteza kiti cha baba yako, unashukuru nini?"

"Ningekufa nikiisema sentensi ile," Rusimbi akasema. "Na wanangu wangeirithi. Mlinivumilia siku nne nikiwatajia mambo ambayo hamkuyasema, na hamkunifukuza. Nashukuru kwa kila mkono ulioinuliwa."

Lugendo akafanya jambo alilokatazwa na mganga. Akajilazimisha, akasema mwenyewe, kwa sauti iliyokwaruza kama chungu kinachokwanguliwa, na Rusimbi aliisikia bila msaada wa mtu.

"Mimi pia nina langu. Miaka tisa nilikuita mwongo moyoni mwangu. Niliamini kwamba unajua na unatudhihaki. Sikuwahi kukuuliza kama unajua. Ningekuuliza mwaka wa kwanza, wafu wetu wa miaka hii tisa wasingevushwa mto."

Rusimbi aliinama, akachukua jiwe lililokuwa karibu naye, akasaidia kupanga lile jiko. Walifanya kazi mpaka likakamilika, na Nyamizi akaleta uji, na safari hii ukanywewa ungali moto.

Lugendo aliishi miaka mingine sita, bila kuirudisha sauti yake yote. Ile njia ya Mzee Nkanuye, ambayo aliitunga kwa ajili ya siku moja tu, haikuachwa. Waja waliipenda, na wenyeji wakaona inapunguza kelele. Ikawa ndiyo desturi ya baraza: kila mwenye shauri ataje kwanza hoja za mwenzake, mpaka mwenzake ainamishe kichwa, ndipo ajibu.

Na sasa nifike kwa Kasigwa, kwa sababu maneno ya methali yenyewe ni yake. Miaka miwili baada ya mambo haya, alifika barazani kumshtaki mja mmoja kijana aliyepakana naye msituni, kwamba amevuka mpaka na kukata miti yake. Alikuja na hasira na maneno yaliyopangwa. Akaambiwa kwanza amsemee kijana. Alikataa. Akaambiwa shauri halitasikilizwa. Akajaribu kwa kebehi, mkono ukainuka. Akajaribu tena, mkono ukainuka. Mara ya tatu, akiwa amechoka, akamwuliza kijana, wewe mwenyewe unasemaje? Kijana akaeleza kwamba miti ile haikukatwa. Iliangushwa na upepo ikaziba kijito, naye aliiondoa ili maji yapite, na magogo yote ameyarundika upande wa Kasigwa, hajachukua hata kuni moja. Kasigwa akayarudia maneno hayo yote, polepole, mpaka kichwa cha kijana kikainama.

Nkanuye akamwambia, haya, sasa jibu.

Mzee yule mkali alitazama huku na huku mpaka akamwona Rusimbi, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa miongoni mwa watu wa kawaida. Akasema, "Jibu nililokuja nalo nilikuwa nimelinoa siku tatu. Nimemsemea mwenzangu, na sasa silioni. Wazee, iandikeni mioyoni: msemee mwenzio kabla hujamjibu. Mwanangu Rusimbi alilipa ngozi ya baba yake ili tulijue hili, na sisi hatukumwambia hata asante." Akatembea katikati ya watu, akafika alipoketi Rusimbi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia neno hilo moja mbele ya kijiji kizima.

Wakati huo Nyamizi alikuwa na mtoto wa tano, msichana. Msichana huyo alikua, akaolewa na mwana wa Rusimbi, na ndoa ile ilikuwa ya kwanza Ruganzo kati ya waja na wenyeji. Binti yao ni mama yangu. Kwa hiyo mimi na ninyi tumetokana na mtu aliyeinuliwa mkono mara kumi na moja, akakubali kuuliza ya kumi na mbili. Siku ninapozuru makaburi ya Ruganzo, wote nawakuta pamoja, sihitaji kuvuka mto wowote, nami huwashukuru mmoja mmoja kwa majina: Lugendo, Nyamizi, Rusimbi, Mzee Nkanuye, na hata Kasigwa, ambaye alichelewa lakini ndiye aliyetuachia maneno.

Msemee mwenzio kabla hujamjibu.